Changu ni Mluzi

Nyumbani kwetu kuna sheria moja tu isiyovunjwa: albamu mpya husikilizwa nzima, watu wamelala chali sakafuni, midomo imefungwa, mpaka wimbo wa mwisho uishe. Kisha kila mmoja anatoa chake. Tunasema, "Toa chako," na mtu anajibu, "Changu ni..." halafu anataja kitu kimoja alichokisikia ambacho anaamini wenzake kimewapita. Labda kiti kimelia mpiga ngoma alipojigeuza, labda mwimbaji amevuta pumzi vibaya kabla ya ubeti wa pili. Mchezo huu niliuanzisha mimi, na kwa miaka kumi na saba nimekuwa mshindi bila mpinzani, kwa sababu mume wangu kila siku chake ni besi.

Mimi ni mpenzi wa roki, lakini si ile ya viwanja vya mpira na moshi wa rangi. Napenda bendi huru, zile ambazo sisi wenyewe tunaziita indi: watu watatu wenye gitaa la kuazima wanaojirekodi chumbani, wanaojisambazia wenyewe, na ambao mashabiki wao wote wangeweza kukaa sebuleni kwangu na chai ikawatosha. Ndugu zangu walishanikatia tamaa. Dada yangu husema muziki wangu unafanana na watu wanaohamisha kabati kwenye ngazi. Sijali. Nikipenda kitu nakipenda kwa kelele, na lazima nikupe na wewe, utake usitake.

Bendi ninayoipenda kuliko zote inaitwa Mabati. Walitoa albamu moja na nusu, wakanyamaza. Wimbo wao wa mwisho unaitwa "Stoo". Gitaa linafifia taratibu, ngoma zinaacha, halafu kunabaki dakika moja na nusu ya karibu kimya kitupu kabla kaseti haijakatika. Watu wengi huzima hapo. Mimi hapo ndipo ninapoanza kusikiliza, kwa sababu hapo kuna mluzi. Ni mwembamba, wa juu sana, umenyooka kama uzi, hauyumbi. Niliamini ni nyaya za gitaa zinazoendelea kuimba baada ya mtu kuziacha. Niliandika habari zake aya tatu kwenye kundi letu la mashabiki kwenye simu, kundi la watu arobaini na wawili, na mmoja akajibu kwamba mluzi ule humtoa machozi.

Hata ndoa yangu ilitokana nao. Nilimvalisha hedifoni mwalimu mmoja wa hesabu, kijana wa shati lililopigwa pasi mpaka mikononi, nikamwambia asikilize mwishoni kabisa. Akafumba macho dakika moja na nusu nzima. Akasema, "Nausikia." Mwaka uliofuata tukaoana.

Tuna binti mmoja. Alizaliwa mdogo mno, tukamwita Nukta, na jina likamganda hata sasa ambapo ana miaka kumi na minne na ananipita kimo. Albamu ya Mabati nilimnyima kwa makusudi miaka yote. Nilitaka aifikie akiwa na masikio ya kuipokea. Jumamosi moja alasiri nikaona wakati umefika. Tukalala sakafuni, mimi katikati, Mwalimu kulia, Nukta kushoto, spika mbili zimeelekezwa kwetu. Nyimbo tisa zikapita. Ikaja "Stoo", ikafifia, na mluzi wangu ukaanza kwa wakati wake, mwaminifu kama kawaida. Nilikuwa na furaha ambayo siwezi kuieleza.

Nikasema toa chako. Nukta akasema chake ni kucha. Mwishoni, alisema, wakati vyombo vyote vimenyamaza, kuna mtu anagonga ubao kwa kucha, polepole, kama anahesabu.

Nikamwambia hakuna kucha pale. Nimeusikiliza wimbo ule mara zisizo na idadi, pale kuna mluzi tu. Nukta akageuza kichwa akanitazama. Hakuwa anabisha, na hilo ndilo lililonikera baadaye nilipolikumbuka. Alikuwa anashangaa.

"Mama, mluzi gani?"

Nikaurudisha wimbo nyuma. Nikaongeza sauti. Nikamwonyesha kwa kidole hewani, huu hapa, huu hapa, unapita. Nukta akatikisa kichwa, kisha akaanza kugonga sakafu, akifuatisha kitu ambacho mimi sikukisikia hata kidogo. Nikamgeukia Mwalimu atuamue. Yeye alikuwa amekaa tayari, anafunga kamba ya kiatu ambayo haikuwa imefunguka. Alisema masikio yake siku hizi si ya kutegemewa, akaenda jikoni.

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Pale pale nikamwandikia yule dada mwimbaji wa Mabati. Bendi kama hizi uzuri wake ni huo, unamwandikia mtu na mtu anajibu, maana hana wa kumjibia. Nikamweleza kwamba nina mtoto mbishi, nikamwomba athibitishe kwa maneno yake mwenyewe juu ya mluzi wa mwisho wa "Stoo". Nikamwambia Nukta asubiri aumbuke.

Jibu lilikuja Jumapili asubuhi, nikiwa nakunja nguo. Mwimbaji aliandika kwamba amefurahi sana, kwamba watu wachache hufika mwisho wa wimbo ule. Mluzi haujui. Hakukuwa na umeme siku ile, walirekodi kwa betri, hakuna kitu ambacho kingeweza kupiga mluzi. Ila binti yangu ana masikio mazuri: kucha ni zake yeye mwimbaji, juu ya ubao wa gitaa. Mtoto wake mchanga alikuwa amelala kwenye stoo ya pembeni, na alipomaliza kuimba aliogopa kunyanyuka. Alikuwa anahesabu mpaka awe na uhakika hajamwamsha.

Nilisoma mara mbili. Kisha nikaingia chumbani na shati mkononi, nikafunga mlango, nikafungua kabati la nguo, nikaingiza kichwa na mabega katikati ya makoti, nikavuta mlango wa kabati mpaka uliponibana. Nikavaa hedifoni ambazo hazikuwa zimechomekwa popote. Nikazuia pumzi.

Mluzi ulikuwepo.

Nataka nieleze vizuri kwa nini sikuwahi kujua, maana nimejiuliza sana. Tangu usichana wangu sijawahi kulala bila muziki. Kazini kuna mashine. Njiani nina hedifoni. Nyumbani spika. Nikiwa msichana nilikuwa nasimama mbele kabisa, tumbo limegusa spika, kwenye kila ukumbi mdogo ulioniruhusu kuingia, na nikirudi nyumbani masikio yanaimba nilikuwa naona fahari. Kimya pekee nilichowahi kukisikiliza kwa makini maishani mwangu ni kile cha mwisho wa "Stoo". Nikakuta kitu ndani yake, nikadhani ni cha wimbo. Kumbe kilikuwa changu kweli.

Nilitoka kabatini. Niliogopa. Sina neno jingine la kupamba, niliogopa kama mtu aliyegundua kuna mgeni chumbani na mgeni huyo amekuwepo miaka yote.

Jumatatu nikaenda kazini. Mimi ni mkataji wa karatasi kwenye karakana ya kuchapa na kujalidi vitabu. Mashine yangu ina kisu kirefu kama mkono, kinashuka na kukata rundo la karatasi la unene wa godoro. Wenzangu wananiita Masikio, kwa sababu nikisikia kisu kinavyoshuka najua kimeanza kuwa butu kabla karatasi hazijaonyesha. Jina hilo nilikuwa nalivaa kama medali. Siku ile nilisimama mbele ya mashine nikaitazama ile taa nyekundu inayowaka kisu kinapokuwa juu na hakijafungwa. Nikamwita Babu Gundi, mjalidi wetu, mzee ambaye vidole vyake havijawahi kuachana vizuri kwa sababu ya kazi yake. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza saa, ile mashine yangu huwa inalia?

Babu Gundi akacheka. Akasema inalia kila nikipandisha kisu, pii, pii, pii, mpaka anaota nayo, na kwamba karakana nzima inanionea huruma kusimama karibu nayo siku nzima. Kisha akaona sura yangu, akaacha kucheka.

Miaka sita naitumia mashine ile. Nilidhani ina taa tu. Nilikuwa napanga karatasi chini ya kisu kilicho wazi huku nageuka kuongea na watu, natazama dirishani, naamini kwamba kama kuna hatari masikio yangu yataniambia. Nikaitazama mikono yangu, nikahesabu vidole kama mwehu. Kisha nikaomba ruhusa nikaenda hospitali.

Kipimo cha masikio hufanyika ndani ya kibanda kidogo chenye kuta za sponji, na mlango wake ukifungwa unasikia mate yako. Daktari wa masikio alikuwa dada mdogo kwangu, mpole, anayeongea akinitazama usoni. Alinivalisha hedifoni, akanipa kitufe, akasema nikisikia sauti, hata iwe ndogo namna gani, nibonyeze. Akafunga mlango. Nikamwona kupitia kioo akiinamia mashine yake.

Mluzi ukajaa kibanda chote. Sikuwahi kuusikia mkubwa vile. Sauti za kwanza zilikuja, nene, rahisi, nikabonyeza kwa madaha. Zikaja za kati. Kisha nikamwona daktari anageuza kitu, nikasubiri, na hakikuja kitu. Nikasubiri tena. Na hapo nikafanya jambo ambalo ni mtu wa muziki tu angelifanya. Nilikuwa nimeshamshika mwendo. Alikuwa anapiga sauti kila baada ya mapigo manne hivi, na bega lake la kulia lilikuwa linatikisika kidogo. Nikaanza kuhesabu kichwani kama mpiga ngoma, na kila ilipofika nne nikabonyeza. Nilibonyeza vizuri, bila haraka, hata nikatabasamu kidogo.

Alipofungua mlango, hakuwa na tabasamu la kunirudishia. Alivuta kiti akakaa mbele yangu.

"Umebonyeza mara tisa ambapo sikukupigia kitu," alisema.

Akaniomba turudie, na safari hii akanigeuzia kiti nielekee ukutani.

Mchoro wake alinionyesha baadaye. Ni mstari unaokwenda vizuri kutoka kushoto, unakwenda, halafu unaanguka. Sauti za juu nimezipoteza, alisema, na si jana wala juzi, na hazirudi. Mluzi unatengenezwa na kichwa changu mwenyewe mahali palipobaki wazi. Maongezi ya kawaida bado nitayasikia. Kitakachotangulia kunipotea ni minong'ono. Akaniambia nivae vizuia kelele kazini, hedifoni niziweke kando, spika ziwe chini, nisisimame tena mbele ya jukwaa. Nikamuuliza kama nikifanya yote hayo mstari ule utasimama pale ulipo. Nilimuuliza mara mbili kwa maneno tofauti, kwa sababu mara ya kwanza alichelewa kujibu.

"Sijui," akasema. "Njoo baada ya miezi sita tuone."

Nilifika nyumbani kabla Nukta hajarudi kutoka shuleni. Mwalimu alikuwa mezani anasahihisha madaftari. Nilibonyeza kengele ya mlango ingawa nina ufunguo, sijui kwa nini, nadhani nilitaka nifunguliwe. Ikalia ile sauti yake nzito kama ng'ombe. Na nikiwa nimesimama pale nje, nikakumbuka kwamba kengele yetu ya zamani ilikuwa na sauti nyembamba, tiing, na kwamba mwaka juzi Mwalimu aliiondoa akasema imeharibika.

Akafungua. Sikumsalimia. Nikamuuliza kengele ile iliharibika nini.

Siku zote niliamini Mwalimu hajui kudanganya, na hapo ndipo nilipojiona mjinga zaidi, kwa sababu nilikuwa nimejenga nyumba nzima juu ya lile neno lake moja, nausikia. Akasema haikuharibika. Wageni walikuwa wanasimama mlangoni wanabonyeza na mimi nimekaa sebuleni sinyanyuki. Mwanzoni alidhani nawakwepa. Kisha akaanza kuangalia. Birika likipiga kelele siendi. Vipimajoto viwili vya betri nilivitupa nikisema vimekufa havilii, na yeye akaviokota kwenye pipa vinalia vizuri tu. Akabadilisha kengele, akanunua birika lisilolia, akaweka saa ya kuniamsha ile inayotetemesha kitanda, akasema ni mtindo mpya.

Nikamuuliza, na kucha? Kucha za "Stoo" ulikuwa unazisikia?

Akasema tangu siku ya kwanza. Siku ile na shati lake la pasi, amefumba macho, alizisikia kucha waziwazi, na akausubiri mluzi kwa moyo wote, na haukuja. Alipofumbua macho aliniona namtazama. Akasema neno ambalo nilikuwa nalitaka.

"Ningekuambia nini?" alisema. "Ulikuwa na furaha kiasi kile."

Nilimfokea. Nilimwambia kwamba miaka sita nimeweka mikono chini ya kisu kinacholia, na kama angesema neno moja ningekwenda kupimwa nikiwa bado na kitu cha kuokoa. Nilimwambia ameniachia nizeeke masikio peke yangu huku akinipepea. Mengine siyaandiki. Hakujitetea. Alisema kila mwaka alipanga kuniambia, na kila mwaka niliweka albamu ile Nukta akiwa hayupo, nikalala sakafuni, nikasema changu ni mluzi, naye akaogopa. Alisema aliogopa kwamba nikijua nitaacha kusikiliza, na hakujua mimi ni nani nisiposikiliza. Na hilo hata mimi sikulijua.

Wiki tatu tulizungumza kwa shida. Nilivaa vizuia kelele kazini, vikubwa, vya njano, na wenzangu wakaacha kuniita Masikio bila mtu kuwaambia. Nyumbani nilikaa na kimya kwa mara ya kwanza, na ndani ya kimya mluzi, nikila, nikioga, nikimsubiri Nukta. Kila asubuhi nilijipima. Nilisugua vidole karibu na sikio. Nilipapasa karatasi. Nilijaribu kusikia kalamu ya Mwalimu ikitembea kwenye madaftari, na siku nilipoikosa nilitoka nje nikasimama uani mpaka moyo ukatulia. Kwenye kundi la mashabiki mtu aliuliza habari za mluzi wa "Stoo", na watatu wakamjibu kwamba wanausikia, mzuri sana. Nilitaka kuwaandikia. Niliandika, nikafuta, kisha nikaandika tena: nendeni mkapimwe. Hakuna aliyejibu.

Jumamosi iliyofuata Nukta alikuja na kuzima spika moja, akapunguza sauti ya ile nyingine, akasema, "Mama, lala." Nikamwambia sina hamu. Akasema sheria ni sheria. Alijua kila kitu, Mwalimu alishamwambia, na alikuwa ananitazama kwa uso ule ambao mtoto hapaswi kuwa nao kwa mama yake. Nikalala. Mwalimu akalala upande wake, mbali kidogo, akisubiri kuona kama nitamruhusu asogee. Nikasogea mimi.

Tulisikiliza "Stoo" peke yake. Sauti ilikuwa chini mno, nikawa najaza sehemu nyingine kwa kumbukumbu. Gitaa likafifia. Ngoma zikaacha. Mluzi ukashika nafasi yake, nikafumba macho nisimwone Nukta akiniona. Ndipo akauchukua mkono wangu, akakifungua kiganja, akaanza kugonga kwa kucha zake.

Moja. Kimya. Mbili, tatu. Kimya kirefu. Nne. Hazikuwa na mwendo wa ngoma, zilikuwa na mwendo wa mtu anayesikilizia mlango. Niliuona mwili wote wa yule mwanamke umekaza juu ya kiti, gitaa mapajani, anasubiri kama mtoto atalia. Kumbe wimbo nilioupenda kuliko zote ulikuwa unaishia kwenye hofu, na mimi miaka yote niliulalia kwa raha. Niligundua nimemshika Mwalimu kwa mkono wa pili.

Kucha zikaacha. Nilisubiri, sikujua kama wimbo umekwisha au yule mama bado anahesabu. Nilisubiri zaidi. Kiganja changu kilikuwa wazi na hakuna kilichokigusa.

Nikafumbua macho. Nukta alikuwa ameinama karibu na uso wangu, midomo yake inatembea. Alikuwa ananong'ona, kwa sababu kwetu watu hawapazi sauti mpaka wimbo uishe. Niliona meno yake, niliona ulimi, nilihisi joto la pumzi yake shavuni. Hakuna kilichofika. Mwalimu alikuwa ananitazama.

"Nakusikia," nikasema.

Nukta hakunyanyuka. Aliendelea kuniinamia, macho yamenitoboa, anasubiri, maana lilikuwa swali.